Figo ya Nabwile na Duara la Tumboni

Jumapili, 6 Julai 2025. Kitale.
Duara limetokea tumboni. Jekundu pembeni, katikati safi, kama mwezi uliovaa shanga. Nimelitazama kwenye kioo nusu saa. Zuri, bana. Ila linawasha. Choa tu! Mtu aliyefika Kampala mara mbili hatishwi na choa. Nesi alionya ati dawa zinazolinda figo yangu mpya zinalaza askari wa mwili, kwa hivyo kipele chochote nipeleke kliniki. Siendi. Kemboi, mgonjwa mwenzangu, atakuwa kwenye benchi. Yeye figo alipewa na pacha wake, na hujigamba ngozi yake ni ya mtoto mchanga.

Jumatano, 9 Julai.
Shakuntala wa duka la dawa amekataa kuniuzia kitu. Ati mtu wa figo hajitibu. Nikamshukuru, nikaenda zangu Chwele sokoni. Nikapata krimu ya kopo, ya kung'arisha uso. Nikapaka. Muwasho umeisha! Mimi ni daktari, nimekosa cheti tu.
Nikalala mchana. Tangu dada Nabwile anipe figo yake, naota ndoto zake. Leo nilikuwa Misikhu nauza ndizi, ukungu unapita kati ya mikungu, wateja wananiita mama.

Jumatatu, 14 Julai.
Krimu imenisaliti. Duara limezaa. Mgongoni, kwapani, sasa linapanda shingo polepole kama moshi. Nimevaa skafu ya sufu. Nawaambia watu ni mtindo wa Ulaya.

Alhamisi, 17 Julai.
Nabwile amefika bila taarifa. Akauliza skafu ni ya nini. Nikaeleza Ulaya. Akaivuta. Kisha akasema, "Wekoye, nilikuwa na mbili tu. Hii nyingine naitumia."
Nikamfuata kliniki bila ubishi. Mimi!
Huko daktari akatupa kopo. Ati krimu ile hunyamazisha muwasho huku choa kikinenepa, na kwa mwili kama wangu kingepenya ndani ya ngozi. Akanipa tyubu: wiki nne, hata nikiona nimepona. Nabwile akaniapisha. Nikaapa kwa machozi.

Jumatatu, 21 Julai.
Siku ya nne. Shingo safi! Kemboi amepiga simu akinong'ona, ati vidole vya miguu vinamwasha na anaogopa kliniki. Maskini. Nimempelekea tyubu yangu. Wiki nne ni za watu wenye figo za kawaida. Yangu ni ya Nabwile.