Yai la Ziada: Hotuba ya Mkurugenzi Akifungua Kituo cha Kuboresha Keki za Boksi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma mwakilishi. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye hakuweza kufika lakini ametuma koti lake, lile pale kwenye kiti cha mbele, naomba tulipigie makofi (makofi). Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wasaidizi, makaimu wa wakuu wasaidizi, na ninyi mnaokaimu nafasi ambazo bado hazijaundwa. Mastekiholda wa unga, wa siagi na wa mayai. Ndugu yangu meneja wa mgahawa wa jirani. Mama mkwe wangu, ambaye sikukualika lakini nakuona. Mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Tumeshasema hatujambo!)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, na wanaonijua wanajua kwamba kwa unyenyekevu katika idara nzima hakuna anayenifikia. (Kicheko.) Mimi keki nazijua. Nimekula keki katika viwanja vya ndege vya mataifa tisa, na katika mataifa manane kati ya hayo sikutoka hata nje ya uwanja, lakini keki nilikula, na nikauliza maswali. Shule niliiacha mapema kwa sababu ilikuwa inanichelewesha, ila semina nimehudhuria nyingi kiasi kwamba vyeti vyangu vimejaza kile chumba ambacho mke wangu alitaka kiwe cha wageni. (Mama mkwe: “Na mgeni mwenyewe ndiye mimi, nalala sebuleni!”) Asante, mama. Maoni yako yamepokelewa na yatafanyiwa kazi.

Ndugu wananchi, tatizo letu ni nini? Tatizo letu ni boksi. Unanunua boksi la unga wa keki, juu yake pana picha ya keki iliyovimba kama shavu la mtoto aliyeshiba, unafuata maelekezo yote, maji, mafuta, mayai mawili, unakoroga, unaoka, halafu unatoa kitu kikavu ambacho mgeni akikitafuna anaomba maji kabla ya kusema asante. Fizibiliti stadi tuliyoifanya katika ngazi ya kaya, yaani nyumbani kwangu, inaonyesha kwamba asilimia sabini na nane nukta tatu ya keki za boksi huliwa kwa heshima tu. (Sauti: “Kweli kabisa!”) Na hiyo nukta tatu ni mimi.

Ndipo akatokea huyu mama mpika keki. Kwa miaka kumi na moja ameoka kwenye mgahawa wa jirani, na siku niliyoonja keki yake nilimuuliza, mama, hii mmeiagiza ng'ambo? Akanijibu, “Ng'ambo ipi, baba? Ni ya boksi. Nimeongeza yai moja, nimetia maziwa badala ya maji, siagi ya kuyeyusha badala ya mafuta, na kachumvi kidogo.” Basi! Maneno ambayo hata kiganja hayajazi. Mimi nikayachukua, nikayajenga kitaalamu mpaka yakafika kurasa mia mbili na arobaini, zenye framewoki, rodi mapu, na picha yangu nikiwa nimeshika mwiko. (Makofi.) Papo hapo nikamteua kuwa Mwokaji Mkuu wa Kituo, kwa barua yenye mihuri miwili, naye kwa uzalendo wake wiki iliyopita akaacha kazi mgahawani ili leo hii aanze. Mnamwona pale nyuma yangu, trei ya mayai mkononi, aproni kiunoni, anagonga mlango wa Kituo. (Mama mpika keki: “Mkurugenzi, mlango huu hauna kitasa!”) Ni mlango wa kisasa, mama. (“Na nikiugonga unalia kama ukuta!”) Huo ndio uimara tunaouzungumzia. Vuta subira, tunafika.

Sitaficha kwamba tulikutana na changamoto. Keki ya majaribio ilipaswa kupitia ofisi zote husika, na waraka wangu, ambao nauheshimu mpaka leo, ulielekeza kwamba kila ofisi itakayopokea bakuli iongeze yai moja la ziada, iweke saini na kulipeleka mbele. Bakuli likaanzia masijala, lina mayai yake mawili. Masijala wakaongeza, wakasaini. Mipango wakaongeza. Utumishi wakaongeza mawili, kwa sababu mkuu wao alikuwa safarini na kaimu hakutaka lawama. Sheria hawakuongeza hata moja. Walilirudisha masijala wakiuliza yai la kwanza ni la nani, na kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, lilipotoka masijala kwa mara ya pili kila ofisi ikaongeza upya. Siku ya tisa likafika mezani kwangu likiwa na mayai kumi na tisa, nami kama kiongozi ningefanyaje? Nikaongeza la ishirini. (Kicheko kirefu.) Kilichotoka kwenye oveni mke wangu alikiita kimanda. Sisi tumekiita matokeo ya awali. Mama mpika keki alipoletewa aonje, alilia, na mwandishi wetu wa kumbukumbu akaandika, “Mdau aliguswa.”

Lakini hatukurudi nyuma! Katika Kituo hiki nawaahidi ajira mia mbili, oveni arobaini, maabara ya kukoroga, kitengo maalumu cha siagi, dawati la malalamiko ya keki kavu, na kapasiti bildingi ya kuwafundisha vijana kutia kijiko cha kahawa kwenye keki ya chokoleti, jambo ambalo nilidhani ni utani mpaka nilipoonja nikaketi chini. Haya yote yatakamilika katika robo ya tano ya mwaka. (Sauti: “Mwaka una robo tano?”) Wa kwetu unazo. Na ushahidi wa uwezo wetu ni keki ile pale mezani, iliyookwa na Kituo. (Mama mpika keki: “Kituo kipi? Nimeioka kwangu, kwenye sufuria, makaa chini makaa juu, mayai ya kuku wangu mwenyewe!”) Kituo ni watu, mama. Tusibaguane.

Sasa tunyanyuke. Nikisema keki ya boksi, mnasema yai la ziada. Keki ya boksi! (Yai la ziada!) Maji zii! (Maziwa juu!) Kituo chetu! (Sauti moja kutoka nyuma: “Kituo chetu kiko wapi?”)

Kilichobaki ni kushukuru. Namshukuru mwenye ghala la magodoro, aliyetuazima ukuta wake wa nyuma. Namshukuru kwa namna ya pekee fundi rangi, ambaye kwa siku mbili tu ametuchorea Kituo chote mnachokiona, mlango, madirisha manne, bomba la moshi, na hata yule paka dirishani, ambaye asubuhi mimi mwenyewe nilimwita mara tatu. Mvua ikinyesha tutahitaji turubai. Kuhusu kukijenga chenyewe, faili liko Sheria. Wanauliza ukuta ni wa nani.

(Mama mpika keki anaweka trei chini taratibu: “Mkurugenzi. Mimi nimeacha kazi yangu kwa ajili ya mlango wa rangi?”)

Mama... hilo... hilo halimo kwenye hotuba.

(Meneja wa mgahawa anasimama: “Dada, tangu uondoke wateja wananiuliza kama keki nimeioka au nimeichimba. Jiko lako lipo palepale. Njoo Jumatatu.” Mama mpika keki: “Jumatatu yote hiyo ya nini? Nakuja sasa hivi, na keki yangu naibeba.” Vigelegele.)

Ndugu zangu, naomba hili liingie kwenye kumbukumbu! Tuliahidi ajira mia mbili, na kabla hotuba haijaisha moja imeshapatikana! Huu ni utekelezaji! (Watu wanaondoka wakiifuata keki.) Asanteni sana. Asante kwa koti la Mheshimiwa Mwakilishi, ambalo limekaa nasi hadi mwisho. Mama mkwe, hata wewe?

(Mama mkwe: “Shuka huko twende, mkwe wangu, kipande chako nitakushikia. Ila ukifika jikoni kwa watu, mikono mfukoni. Usiongeze kitu.”)