Nati Iliyonipa Mgongo

Leo nimeumbuka, rafiki zangu. Nimeumbuka hapa hapa kwetu Mji wa Kale, mchana kweupe, miguu nje, kichwa chini ya gari. Na kosa lenyewe nililifanya mapema, chai ya asubuhi haijapoa: nilishika spana kabla ya kutazama nati imeelekea wapi.

Mwajua mama alikuwa Maskati kwa dada yangu, akimlelea watoto. Alikwenda kwa miezi mitatu. Ikawa miaka miwili. Alikuwa akituma kaseti: upande wa kwanza salamu za jamaa wote, upande wa pili mimi peke yangu. Ile ya mwisho nimeisikiliza mpaka najua wapi atakohoa. Mwishoni asema: "Nikija, uje unipokee wewe. Sitaki kuletwa na teksi kama mgeni."

Ndege yake ilikuwa itue leo alasiri.

Sasa, gari alilotuachia marehemu baba lina shoki ya mbele, ile ya kumeza mitikiso, iliyokufa. Kila shimo, kong! Na mama ana mgongo mbovu. Nikaazimia kuibadilisha mwenyewe, mama avuke daraja la Makupa kama aliyelala juu ya godoro la sufi. (Kwa nini nisiite fundi? Kwa sababu mafundi hawafanyi kazi safi. Mimi nimesoma kitabu. Mara mbili.)

Nikaliinua gari kwa jeki mbele ya mlango wetu, nikalikalisha juu ya mawe, nikavua gurudumu. Kichochoro chetu mwakijua: gari likisimama, hata paka hupita ubavu. Nati za juu, chini ya boneti, zilitoka kwa adabu. Ya chini ikagoma. Kutu na chumvi ya bahari vimeila, huoni chuma chaanzia wapi. Nikaimwagia mafuta ya taa. Nikangoja. Nikaigonga kwa nyundo. Nikapiga Bismillahi, nikavuta kwenda kushoto, kama kitabu kisemavyo.

Wapi!

Jirani yetu Ami Mbarak alikuwa barazani kwake na wenziwe, kikombe cha kahawa mkononi.

"Wewe kijana, hiyo nati waifungua au waiposa?"

"Naifungua, Ami."

"Basi ongeza mahari. Yaonekana wazazi wake hawajaridhika."

Baraza zima likacheka. Nikaleta kipande cha bomba la maji, nikakichomeka kwenye spana ili mkono uwe mrefu. Ami Mbarak alifanya kazi bandarini ujana wake wote, na mtu wa bandarini hawezi kutazama kitu kizito kikivutwa vibaya. Akaweka kikombe, akakaza kikoi, akaja. Na wenziwe wawili nyuma yake. Wanaume wanne, bomba moja.

"Haya! Kwa pamoja! Vuta!"

Ikasogea! Kidogo, lakini ikasogea.

"Yaja! Yaja!" wakapiga kelele.

Nilifurahi karibu nilie. (Haikuwa yaja. Ilikuwa yaenda. Lakini hilo sikulijua bado.)

Ikaadhiniwa alasiri. Ami Mbarak akajifuta mikono. "Nenda kamchukue mamako kwa teksi. Nati haina miguu, utaikuta."

"Bado kidogo, Ami."

Wakaenda msikitini, wakasali, wakarudi. "Bado upo?"

"Bado kidogo, Ami."

Nisingeweza kwenda. Masikioni mwangu ilikuwa sauti moja tu: sitaki kuletwa na teksi. Kanzu niliyoipiga pasi jana ilikuwa imetundikwa mlangoni. Nilikuwa nimeshapanga nitasimama wapi, nitapokea sanduku kwa mkono gani. Nikaning'inia kwenye bomba kwa uzito wangu wote.

Ta!

Nikaanguka chali, bomba kifuani. "Imelegea!" nikapiga ukelele. Baraza likapiga makofi.

Nikajipenyeza chini ya gari kuitazama. Haikulegea. Bolti ilikuwa imekatika. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nikaonana na ile nati uso kwa uso. Ilikuwa imeelekea ndani, kwenye injini! Mimi kutwa nimekaa nje, nyuma yake, nayo imenipa mgongo. Kushoto kwangu ni kulia kwake. Nilishinda nikiikaza. Na baraza zima likinisaidia.

Nikabaki nimelala pale pale, kutu ikinidondokea usoni. Nililia kidogo. (Kidogo sana.)

Mkokoteni ukaja, ukasimama. "Kando! Kando! Gari la nani limeziba njia?"

Nikageuza kichwa, nikaona magurudumu ya mkokoteni. Nyuma yake, chini ya pindo la buibui, nikaona miguu miwili yenye hina mbichi. Kidole kidogo cha kushoto kimempanda mwenzake.

Kisha kikohozi. Kile kile cha kwenye kaseti.

"Nyayo hizi nazijua," sauti ikasema. "Nimezisugua mimi."

"Mama?"

"Watoka, mwanangu, au niingie mimi?"

Nikainuka kwa pupa, nikagonga kichwa. Nikatoka mweusi kama sufuria, nikasimama mbali nisimchafue. Yeye akaja, akanikumbatia na buibui lake jipya, na harufu ya udi ikawa ile ile.

"Nimekosa, mama. Umeletwa na teksi, tena ikakushusha barabarani."

"Nilingoja uwanjani. Halafu nikasema: huyu ameshika kitu, na hakiachi mpaka kimwache."

"Karibu nyumbani, mama!" Ami Mbarak akaita. "Mwanao leo kafunga nati, haifunguki mpaka Kiyama!"

Masanduku yakapitishwa juu ya boneti, mkono kwa mkono. Mama akapita ubavu, kama paka.

Msinicheke. Gari bado liko juu ya mawe na mtaa mzima wazunguka. Tangu leo nachungulia kwanza, ndipo nashika spana. Na kaseti usiku huu sijaiweka. Mama yuko jikoni, akohoa mwenyewe.