Mwenye Ndugu Tabora Halali Gesti

Kwa heshima kubwa nautangazia umma wa Kigoma na Ujiji kwamba mwananchi sasa yuko huru kusafiri peke yake. Anaweza kupanda treni siku aitakayo, kushuka mji autakao na kupumzika apendavyo, mradi awe na idhini ya Kitengo cha Uratibu wa Safari Huru, na aongozane na maofisa wa Kitengo. Bila maofisa, nani atathibitisha kwamba alikuwa peke yake?

Mratibu wa Kitengo hicho ni mimi, Anatoli Bukeyeneza. Ofisi yetu iko Kasingirima, juu ya duka la nyavu, na ina feni mbili, moja ikiwa inazunguka. Chini yangu yuko Frida, Afisa Udugu, binti mwenye utii wa kutisha. Mpe mwongozo jioni, asubuhi ameukariri mpaka nukta. Cheo hicho nilimpendekezea mimi mwenyewe.

Watu huuliza Afisa Udugu ana kazi gani. Kazi yake ilizaliwa siku kijana mmoja wa Ujiji alipokwenda Tabora kufanya shughuli ambayo wenzake huiita kula bata. Alilala gesti, ilhali shangazi yake anaishi nyuma ya gesti hiyohiyo. Shangazi alipojua, alipiga simu akilia. "Amelala gesti kama mtu asiye na kwao!" Kilio kilifika Ujiji kabla kijana hajamaliza kunywa chai. Harusi ya dada yake ikaahirishwa, na wazee wa pande mbili wakanuniana mpaka leo. Niliona taifa linabomoka. Ndipo nikaandaa Mwongozo, ambao moyo wake ni sentensi moja: mwenye ndugu Tabora halali gesti. Niliupeleka kwa wakubwa. Kama waliusoma sijui, ila hawajaukataa.

Wateja wetu wa kwanza walikuwa Yona, fundi wa mashine za boti pale Kibirizi, na mkewe Marcelina, anayeanika na kuuza dagaa. Walikuja wenyewe. Yona alisikia tangazo letu likipita na spika juu ya bajaji, naye ni mtu anayetii hata kibao cha "Usikojoe hapa" wakati hana haja.

"Shikamoo, Mratibu," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Safari ya nini?"

"Ya kutembea tu," alijibu Marcelina. "Tunapanda treni daraja la tatu, tunatafuta gesti ya bei poa karibu na stesheni, tunakaa siku mbili. Tutazunguka sokoni, tutalitazama lile boma la Wajerumani kwa nje, tutakula chipsi, tutarudi."

"Mama, kutembea tu si shughuli inayotambulika. Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Harusi? Mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Wote wazima. Ndiyo shida yenyewe."

Nilimtaka afafanue, nikajuta, kwa sababu alifafanua.

"Nyumba yetu ina vyumba vitatu, Mratibu. Mama mkwe yumo, mashemeji wamo. Kuna binamu zake Yona walitoka Mwamgongo kuja hospitali, wakapona, wakabaki. Wengine walitoka Ilagala kuja kuwapa pole hao wa Mwamgongo, nao wapo. Nawapenda wote, Mungu ananiona. Lakini tangu niolewe sijawahi kukaa mezani na mume wangu tukiwa wawili. Mimi na huyu bwana tunaongea habari za unga na habari za maji. Basi. Alinipata kwa kunichekesha, huyu. Pale mwaloni nilikuwa naacha dagaa wanaungua na jua kwa sababu yake. Sasa sikumbuki hata alikuwa anasema nini."

Yona alitazama viatu vyake. Nilihisi kitu kifuani, nikanywa maji, kikashuka.

"Frida," nilisema, "endelea na uhakiki."

Frida alivuta kiti. "Mna ndugu Tabora?"

"Hatuna," alisema Marcelina.

"Kaka yako Elia ameoa wapi?"

"Hapahapa, Gungu."

"Mama mzazi wa huyo mkewe anaishi wapi siku hizi?"

Marcelina alimtazama Yona. Yona alizidi kutazama viatu.

"Isevya," Marcelina alisema kwa sauti ndogo.

"Isevya ya mji gani?"

"Ya Tabora. Lakini afisa, yule ni mkwe wa kaka yangu! Nilimwona mara moja tu, siku ya harusi, naye alikuwa anasinzia!"

Hapo nilisimama. Kuna nyakati mtumishi wa umma hana budi kusimama. "Mama Marcelina," nilisema, "mkwe ni ndugu kuliko ndugu. Ndugu wa damu unazaliwa naye bila kuulizwa. Mkwe ukoo wako ulimfuata wenyewe kwa miguu yake, ukapiga hodi, ukatoa mahari. Halafu leo umkwepe, ukalale gesti?"

Frida aliikariri sentensi hiyo palepale. Niliona midomo yake ikitembea.

Ikaamuliwa kwamba wageni watafikia Isevya. Nilimpigia simu mama wa watu mwenyewe, akafurahi mno, ingawa hakuwakumbuka. Mguu unamsumbua, kwa hiyo asingeweza kuja stesheni, ila mipango aliipanga vizuri: Yona atalala sebuleni na wajukuu wa kiume, Marcelina atalala chumbani na bibi na wajukuu wa kike.

"Sasa hapo tofauti na nyumbani iko wapi?" aliuliza Marcelina.

"Tofauti ni kwamba mtakuwa mmesafiri."

"Tuache tu," alinong'ona Yona.

"Hatuachi," alisema mkewe. "Angalau ndani ya treni hakuna sebule."

Kwa ajili ya uwazi, tuliitangaza safari yao kwa spika, mtaa kwa mtaa, majina kamili na siku ya kuondoka. Marcelina alikuwa amepanga kuondoka kimyakimya na begi moja, na sababu yake kila mtu wa Kigoma anaijua. Ukisikika unakwenda Tabora, wewe si msafiri tena, wewe ni behewa. Siku hiyo stesheni ilijaa Kasingirima nzima. Huyu kaleta dumu la mawese la dada yake, yule kaleta migebuka ya kukaanga ya mwanawe, mwingine dagaa, na mke wa Elia kaleta dumu la mama yake wa Isevya. "Halitakupa shida, mwanangu. Namba yake hii hapa, atakuja kulipokea stesheni." Nani anaweza kukataa? Ukikataa, utarudi uishi wapi? Kutoka dirisha la daraja la kwanza niliwatazama wananchi wakishirikiana, nikafarijika. Begi la Marcelina halikuonekana tena.

Mimi nilisafiri daraja la kwanza kwa kuwa msimamizi si msafiri. Kwa sababu hiyohiyo niliwekewa chumba katika hoteli yenye kiyoyozi. Frida nilimtuma daraja la tatu kukagua uhuru wa wateja.

"Wanaendeleaje?" nilimuuliza aliporudi, tulipokuwa tumeipita Uvinza.

"Walikuwa wanaongea, Mratibu."

"Kuhusu nini?"

"Sikufahamu. Nilipokaa katikati yao walinyamaza."

"Je, wako huru?"

"Nimewauliza. Wamesema wako huru. Mama alisema hivyo huku akitazama dirishani."

Nilimwagiza arudi akae palepale katikati, ili wasije wakaharibu kumbukumbu nzuri ya safari kwa maneno ya ovyo.

Tabora tulishuka salama. Marcelina alisimama kati ya madumu, simu sikioni, akiwaita wenye mizigo mmoja baada ya mwingine. Walikuja, wakapokea, wakashukuru, wakauliza habari za Kigoma. Rundo lilikuwa limekaribia kwisha alipotokea mama mmoja wa makamo, mtandio wa kijani, mwendo wa haraka. Marcelina alimkabidhi dumu lililofungwa mdomo kwa kitambaa cha bluu.

"Limetoka kwa binti yangu Diana," alisema yule mama kwa fahari. "Ameniambia kuna watu wametangazwa wanakuja."

Diana ni mke wangu. Nilijaribu kurudi ndani ya behewa.

"Mawe, mama yangu! Baba Ella!" Dumu lilitua chini. "Mukwe wanje! Mkwe wangu mwenyewe, na suti!"

Hapa msomaji asiye wa kwetu anahitaji maelezo. Kwa sisi Waha tuliolelewa vizuri, mwanamume mbele ya mama mkwe hutazama chini. Hakalii kiti chake, hali chakula mbele yake, na kulala chini ya paa lake ni jambo la kumfanya mtu ahame mji. Ndiyo maana kila nilipopita Tabora kikazi nilipita kwa adabu, yaani bila kumwambia. Yeye lakini ni mjane aliyekaa mjini siku nyingi, na mambo hayo aliyaacha zamani. Kosa langu kubwa kwake lilikuwa moja tu: sijawahi kumtembelea.

"Unafikia wapi, baba?"

"Mratibu amewekewa hoteli, mama," alijibu Frida kwa niaba yangu. Halafu nikamwona anafikiri. "Samahani, Mratibu. Mama huyu ni nani wako?"

"Ni... mama mzazi wa Diana."

"Yaani mkwe." Hakuwa na ubaya wowote, Frida. Alisema kama anayesoma kibao. "Mkwe ni ndugu kuliko ndugu. Na mwenye ndugu Tabora halali gesti. Hoteli ni gesti iliyopakwa rangi."

Watu walianza kusogea. Abiria wa kwenda Mwanza walishusha mizigo yao ili wasikie vizuri. Hapo nilitumia mamlaka yangu yote kwa mpigo mmoja.

"Natoa ufafanuzi!" nilisema kwa sauti ya kiofisi. "Kiutawala, mkwe si ndugu. Mkwe ni mtu baki. Ufafanuzi huu unaanza kutumika sasa hivi, kwa wananchi wote, bila ubaguzi!"

Aliyezungumza kwanza ni Marcelina.

"Yona, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi sisi hatuna ndugu Tabora." Aliinama, akalichomoa begi lake chini ya kifurushi cha mwisho cha dagaa. "Afisa Frida, dumu la mama wa Isevya tutampelekea kesho. Tutamsalimia, tutakunywa chai yake, tutaondoka. Sawa?"

Frida aliupitia Mwongozo kichwani. "Ni sahihi. Hamna ndugu. Nendeni gesti."

Wakaenda. Yona alibeba begi begani na dumu mkononi. Hawakugeuka nyuma, wala sikuwa na nafasi ya kuwazuia, kwa kuwa nyuma yangu kilianza kilio.

"Mtu baki," mama mkwe alirudia. Alikuwa amekaa juu ya dumu lake. "Nimemlea Diana peke yangu, nikampa huyu, sikumsumbua kwa lolote. Leo mimi mtu baki. Stesheni. Mbele za watu."

"Baba, omba radhi," alisema mama mmoja wa Mwanza. "Suti yote hiyo na mdomo huo!"

Simu zilikuwa zimeshatolewa. Mmoja alikuwa anarekodi, mwingine anampigia dada yake, na dada yake, kwa bahati ya kazi yetu, anaishi Ujiji. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya stesheni ya Tabora, nikaomba radhi, nikalibeba dumu. Frida alikubali kuitunza hoteli yangu, kwa kuwa yeye hana ndugu Tabora wa aina yoyote. Alishahakiki.

Nyumba ya mama mkwe iko mtaa wa Ng'ambo, na ina chumba kimoja na ukumbi. Alinichemshia maji ya kuoga kwa mkono wake. Alinitengea ugali, akakaa mbele yangu kunitazama nikila. Kisha akanipa kitanda chake mwenyewe, yeye akalala kwa jirani. Nililala juu ya kitanda cha mama mkwe wangu nikiwa nimevaa viatu, kwa heshima.

Asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye ua wa miti nikipiga mswaki, nikawaona wanapita. Wanakula mahindi ya kuchoma. Yona alikuwa anaongea, mikono yote miwili hewani, anaonyesha kitu kikubwa kinachoanguka, na Marcelina alicheka mpaka akashika ua wetu asianguke yeye. Sijawahi kumsikia mtu mzima akicheka hivyo barabarani. Nikiri tu kwamba niliona wivu.

"Shikamoo, Mratibu," alisema alipopata pumzi.

"Marahaba. Mnaelekea wapi?"

"Hatujui."

"Mtarudi gesti wakati gani?"

"Hilo nalo hatujui," alisema Yona, na wakaanza kucheka upya, wakapinda kona.

Ndani niliitwa. Wajomba wa Diana walikuwa wamefika kutoka Sikonge kumwona mkwe wao, na walikusudia kukaa naye hadi Jumapili. Walikuwa wameketi ukumbini kwa mpangilio wa umri. Niliwasalimia wote nikiwa nimetazama sakafu, kisha nikaomba ruhusa nitoke kidogo.

"Kwenda wapi?" aliuliza mjomba mkubwa.

"Dukani, mzee. Kununua vocha."

"Vocha ya kumpigia nani?"

Wajomba walitazamana, wakashauriana kwa Kiha, polepole, bila haraka yoyote. Kisha mkubwa wao akainuka, akachukua kofia yake.

"Mkwe wetu hawezi kutembea peke yake kama mkiwa," alisema. "Tunakwenda wote."