Kushoto, Wewe Kichwa Maji

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Nawaandikia ninyi niliosoma nanyi ufundi kwa sababu habari mtaipata tu kutoka kwa Onyango, na Onyango ana chumvi nyingi. Afadhali mnisikie mimi.

Mnajua ile mashine yangu ya michezo ya telewisheni. Wenye pesa Nairobi wanaagiza kutoka ng'ambo. Mimi nimejijengea hapa Eldoret, kwa mbao za masanduku ya chai na telewisheni kuukuu. Mchezaji anasimama mbele, anashika kijiti mfano wa gia ya lori, anaendesha vitu kwenye kioo. Shida ni kwamba kila mchezo una mwendo wake. Ule wa ndege unataka kijiti kiende pande zote. Ule wa magari unataka kushoto na kulia basi. Kikienda mbele na nyuma, gari linachanganyikiwa. Kwa hivyo nimebuni visahani vya plastiki, nimevikata kwenye jerikeni, kila kimoja na tundu lake katikati. Kijiti kinapita tunduni, na umbo la tundu ndilo linaloamua kiende wapi. Ukitaka kubadilisha mchezo unachomoa kisahani, unabandika kingine kwa vibanio viwili, hata bisibisi huhitaji. (Nilijiona bingwa. Nisameheni.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mama yake Akinyi kuja kuniona. Akinyi ndiye ninayetaka kumwoa. Baba yake alishafariki, kwa hivyo neno la mwisho ni la mama. Mama huyu ni mwalimu huko Plateau, na alikuwa amesikia kwamba binti yake amependa mtu mzima anayecheza michezo ya watoto. Akataka aione hiyo kazi kwa macho yake. Kwetu upande wa ziwa mama mkwe haingii hivi hivi nyumbani kwa mkwe, wala hamshikani mikono, ndiyo maana tukapanga aje karakana badala ya kwangu mtaa wa West Indies. Nilifagia. Nilipangusa vumbi kwenye picha ya Rais. Nilivaa tai. (Ndiyo, tai. Karakana.)

Kabla hajafika nikaamua kubandika kisahani cha magari, akute kila kitu tayari. Mashine imeegemea ukuta na mlango wake uko ubavuni, basi nikalala chali nikaingia kwa ubavu, kichwa ndani, miguu nje. Onyango, mwenzangu wa karakana, alikuwa amesimama mbele ya mashine. Mchezo ulikuwa unalia pi-pi-pi, na mle ndani ni kelele tupu. Nikabandika kisahani.

"Haya, shika hicho kijiti," nikaita.

Kikakaa kidogo, kisha kikashikwa, polepole.

"Sukuma kushoto."

Kikatetemeka, kikagoma.

"Nimesema kushoto."

Kikagoma tena.

"Wewe kichwa maji, kushoto ni ile mkono huli nayo. Kwani ulisoma shule gani?"

Kijiti kikaachiliwa, kisha kikashikwa tena.

"Huyo mwalimu yako alikuwa anakula mshahara ya bure. Sukuma kama mwanaume, ama uko na mikono ya uji?"

Basi yule mtu akasukuma. Alisukuma kwa mikono miwili na hasira yote aliyokuwa nayo. Kisahani kikapasuka, kipande kikanigonga puani, na vumbi la mbao likanijaa machoni.

"Sasa umeharibu kazi yangu, punda wewe. Nivute nitoke."

Nikanyoosha mkono nje. Mkono wa mtu haukuja. Ilikuja ncha ya mwavuli.

Nikaishika, nikaanza kuvutwa, na katikati ya safari akili ikaanza kurudi. Onyango hana mwavuli. Kisha nikaona viatu. Kisha nikaona sketi, na Onyango havai sketi.

Mama yake Akinyi alikuwa amepata lifti, akafika mapema. Onyango alikuwa ametoka kununua soda za mgeni, na kama aliaga mimi sikusikia. Akinyi alikuwa mlangoni, mikono mdomoni. Ameniambia baadaye kwamba alitaka kuniita, mama yake akainua kidole kimoja akamnyamazisha.

"Kushoto naijua, kijana," Mama akasema, akiukung'uta mwavuli. "Nafundisha darasa la kwanza."

Na kweli aliijua. Kisahani nilikuwa nimekibandika nikifuata nilivyolala mimi, na kwa kuwa niliingia kwa ubavu, kushoto kwangu kulikuwa mbele kwake. Njia niliifunga mwenyewe, halafu nikamtukana aliyezuiwa.

"Mama, nisamehe. Sikujua ni wewe."

"Ulidhani ni nani?"

"Onyango."

"Huyo ni adui yako?"

"Hapana, Mama. Ni rafiki yangu sana."

Akaitazama tai yangu, imejaa vumbi. "Sasa kama rafiki sana anaitwa punda, mke ataitwa nani?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka, kwa sababu hilo swali lilikuwa la haki. Ndivyo ninavyoongea na Onyango kila siku, na sijawahi kuyasikia maneno yangu mwenyewe.

Hapo ndipo Onyango akaingia na soda zake.

"Karibu, Bwana Onyango," nikasema. "Asante sana. Umechoka, ndugu yangu, keti."

Onyango akasimama pale pale. Akanitazama, akamgeukia Akinyi. "Huyu stima ya mashine imempiga?"

Akinyi akacheka. Mama hakucheka. Hakuonja soda, hakusema ndiyo, hakusema la. Amesema atarudi, na siku hatatuambia. Kabla ya hapo Onyango ndiye atakayeulizwa ninavyomsemesha, na Onyango, jinsi mnavyomjua, ameshaelewa maana ya jambo hilo. Tangu mchana ananituma chai. Naenda.

Kwa hivyo nawaomba msicheke. Na atakayeshindwa kujizuia acheke tu atosheke, maana mpaka mahari ipokelewe jibu langu ni moja: "Asante, ndugu yangu."