Kiti cha Heshima Kwenye Mlango wa Nyuma

Nilikuwa na heshima, mimi Bagula, Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama wa Makao ya Wanafunzi, kuwatangazia ndugu zetu wote wa hapa Buffalo, Marekani, kwamba nyumba ya Riverside, ambamo vijana wetu wa chuo wameunda chama cha kidugu kwa kuwaiga Wamarekani, ni salama kabisa. Tuliamua hivyo kabla ya kwenda kuikagua, ili ukaguzi usituchanganye.

Vijana walitupokea vizuri. Mgeni wa heshima haketi karibu na mahali watu wanapopita. Anaketi mbele, wote wamwone. Basi watu wote wakageuzwa waelekee nyuma, na sofa yangu ikaegemezwa kwenye mlango wa nyuma. King'ora cha moshi nacho kikafungwa kwa mfuko wa plastiki, maana jikoni walikuwa wanatukaangia sambaza, vile visamaki vya ziwani kwetu, na kifaa kile hakina adabu mbele ya hotuba.

Akasimama Clémence, anayefanya kazi kiwandani kule Tonawanda. Mwanawe Shami anaishi humo.

"Mwenyekiti, samahani. Ile sofa iko inafunga mulango. Moto ikiwaka, mutoto yangu atapita wapi?"

"Mama Shami, mambo yana utaratibu. Kiti cha heshima hakisogezwi bila azimio la kamati."

"Bon. Na azimio itapatikana lini?"

"Kikao kijacho."

Akaketi, uso ameukunja. Nilimhurumia, si kila mtu amejaliwa kuelewa protokoli.

Nilikuwa bado kwenye shukrani za hotuba yangu mafuta yaliposhika moto jikoni, pale pale penye mlango wa mbele. Moshi ukajaa. King'ora kikanyamaza kama tulivyokiagiza. Wanakamati wakanizunguka wakikohoa kwa heshima, lakini hakuna aliyethubutu kuigusa sofa, kwa kuwa nilikuwa nimeikalia. Niliogopa sana, nasema ukweli.

"Sogezeni hii sofa," nikasema.

"Donc, bila azimio?" akauliza Clémence.

Nikanyoosha mikono yote miwili. "Limepita, mama. Limepita."

Akashika upande mmoja, Shami upande wa pili, wakaivuta nami nikiwa juu yake. Tukatokea nje kwenye theluji, wazima wote.

Wazimamoto walipomaliza kazi, mkubwa wao akauliza ni nani anayesimamia usalama wa nyumba hii. Kamati nzima ikaninyooshea kidole, bila mjadala.

Siku hizi mwenyekiti ni Clémence. Mimi nimepewa nafasi kwenye mlango wa nyuma, niushike ubaki wazi mpaka kikao kiishe. Ni Januari, theluji inanipiga mgongoni, na mama yule ana maneno mengi.