Mmiliki wa Kampuni Arobaini

Jumatatu, 3 Machi
Tangu saa nne asubuhi mimi si dobi tu. Mimi ni mmiliki. Kampuni arobaini! Shemeji yangu, yule nesi, dada wa mke wangu, alinipeleka kwa dalali wa hisa. Dalali akaeleza: badala ya kununua hisa za kampuni moja na kukesha ukiomba isifilisike, unanunua kipande cha mfuko mmoja wenye hisa za zote arobaini. Kipande chenyewe kinauzwa sokoni kama hisa ya kawaida. Kampuni moja ikiyumba, nyingine zinaibeba. Ada ndogo, subira kubwa. Nimechukua vipande vitano.

Mpango ni wa mke wangu. Kila mwezi sehemu ya malipo ya mashuka ya gesti itanunua vipande, na miaka ikipita vipande vitanunua mashine ya kufulia. Mikono yake imechubuka kwa kufua, na nataka kwa moyo wote aipate. Lakini miaka! Bwana Mashine, dobi wa ng'ambo ya barabara, anazo mbili tayari. Kila nikikamua shati ananipungia mkono, tena akiwa amekaa.

Shemeji ananunua kila mwezi, mwaka wa sita huu, na bei haiangalii. Kasema haba na haba hujaza kibaba. Nikamjibu akili ni nywele, kila mtu ana zake. Jioni nimesoma orodha ya kampuni mara tatu. Benki. Simu. Sabuni! Zangu zote.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kukagua benki yangu. Foleni hadi mlangoni. Nikapita moja kwa moja mbele. Mlinzi akauliza naelekea wapi. Nikamwambia mimi ni mmoja wa wenye benki. Akauliza ofisi gani. Nikasema kwa ujumla.

Alinirudisha mwisho wa foleni kwa adabu, siwezi kumsingizia. Saa nzima nimesimama. Nilipofika dirishani nikampongeza karani kwa kuifunga kalamu kwa uzi, maana mali yangu hiyo. Akauliza kama nina shida nyingine, kisha akamwita aliye nyuma yangu.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Limenijia mikono ikiwa ndani ya beseni. Nikitumia sabuni nyingi, kampuni ya sabuni inapata faida. Ikipata faida, inatoa gawio. Gawio la nani? Langu! Kwa hiyo sabuni ninayonunua najinunulia mwenyewe. Sijui shemeji amekaa miaka sita akifanya nini.

Nimeleta katoni tatu. Mke wangu akauliza tumefungua duka? Nikamweleza hela inazunguka inarudi. Akasema kuzunguka ameshakuona, anasubiri kurudi.

Nikaiinua na kampuni ya simu pia. Nimempigia shangazi, tukaongea saa moja na nusu. Dakika ishirini za mwanzo alikuwa akilia. Alidhani nazungukazunguka kumpa habari za msiba. Kumwambia hakuna aliyekufa hakukusaidia, akataka kujua basi ninaumwa nini.

Alhamisi, 6 Machi
Mashuka ishirini na manne ya Mama Gesti. Kipimo cha kawaida ni vikombe viwili vya sabuni. Nimetia kumi na moja.

Povu likajaa mabeseni, likashuka uani, likapita chini ya geti. Bwana Mashine akatoa kiti chake nje ili aone vizuri. Maji ya kusuuzia yakaisha kabla povu halijaisha. Nikaanika hivyo hivyo. Jua lilikuwa kali, mashuka yakakauka yakawa magumu kama maboksi. Moja nililiegemeza ukutani likasimama peke yake. Mke wangu alikuwa sokoni. Nikayakunja kwa goti, nikayapeleka mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Gesti amekuja kabla hatujanywa chai. Wageni wamejikuna usiku kucha. Chumba namba sita alilala dereva wa lori, mtu mnene wa kutokwa jasho. Ameamka ana povu hadi shingoni, anauliza nani kamwogesha.

Amesema ametuvumilia kwa kuwa mke wangu hajawahi kumwangusha. Mashuka yote yarudi kesho kutwa, laini, la sivyo kazi inakwenda kwa Bwana Mashine. Nikajaribu kumweleza kuhusu gawio. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Alipoondoka, mke wangu alikaa akiitazama mikono yake. Angenigombeza ningejua la kujibu. Bila gesti hakuna vipande, bila vipande hakuna mashine. Nikatamani kuingia ndani ya beseni nisitoke. Nimeona haya kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Maji madumu sitini. Nimeyabeba yote mimi, mgongo si wangu tena. Shemeji alitoka zamu akaja moja kwa moja, akakunja sare yake hadi magotini. Tumesuuza mara sita. Mara ya kwanza povu. Ya pili povu. Ya tatu shemeji akateleza, akakaa ndani ya beseni, akabaki humo ameshika shuka kama mwali. Mke wangu akajizuia, akajizuia, mwishowe akacheka hadi akashika ukuta. Nikamrushia povu. Akanimwagia ndoo nzima!

Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana. Bwana Mashine alitutazama kutoka kwenye kiti chake, peke yake na mashine zake. Kwa mara ya kwanza sikumwonea wivu.

Jumapili, 9 Machi
Mama Gesti amepitisha shavu kwenye kila shuka. Yote ishirini na manne! Amesema hajawahi kuona laini namna hii, na kuanzia wiki hii tumfulie na taulo pia. Taulo hamsini! Mke wangu amenishika mkono barabarani, mbele ya watu.

Wakati wa chai shemeji akanieleza kwa upole. Kampuni ya sabuni ina wenye hisa maelfu, na vipande vyangu ni vitano. Nikinunua katoni nzima, kinachonirudia hakijai hata kijiko cha chai. Kazi yangu ni kufua vizuri, kununua kila mwezi na kuuacha mfuko ufanye kazi yake. Mke wangu akaniapisha: sabuni vikombe viwili, basi. Nimeapa kwa moyo mweupe, na sitavunja kiapo.

Ila nimekaa nikifikiri. Hakijai kijiko, sawa. Lakini kumbe kinarudi! Nesi mwenyewe kakiri. Tatizo ni kwamba natumia kidogo mno. Sabuni nimeapa, siigusi. Taulo hamsini lakini zinataka pasi, na kampuni ya umeme ni ya kumi na saba kwenye orodha. Kesho alfajiri nazipiga pasi pande zote mbili, mara nne nne, taa zote zikiwaka.