Nafasi Moja Kiwandani kwa Shangazi

Ijumaa, 15 Novemba

Nina siku mbili tu za kumvutia Shangazi Clara.

Ni dada yake Baba. Ana kiwanda kidogo cha mvinyo wa ndizi huko Goba. Alianza na ndoo mbili jikoni. Sasa mapipa yamejaa ghala zima. Simjui mwanamke mwingine kama yeye. Likizo ya Desemba atachukua mtoto mmoja wa ukoo akamfundishe kazi. Mmoja tu! Mie, Kokuberwa, kidato cha tatu, wa kwanza katika Kemia. Au Allen, mtoto wa baba mdogo, kidato cha kwanza, anayesinzia darasani. Ataamua Jumapili.

Kesho tunaenda kwake kwa baiskeli: Baba, Allen na mie. Mama amesema magoti yake hayakuumbwa kwa ajili ya milima ya Goba, atatufuata na bajaji. Tutalala huko, na Jumapili Shangazi atatupeleka kwenye kiwanda cha rafiki yake.

Mpango: sitakwenda mikono mitupu. Baada ya shule nimepita sokoni Tandale, nimenunua mkungu mzima wa ndizi. Muuzaji ameapa zimetoka Bukoba kwetu. Malighafi! Allen atapeleka nini? Kicheko chake tu.

Jumamosi, 16 Novemba

Mkungu kwenye keria ni mzito kuliko mtu. Hadi Makongo nilikuwa wa mwisho. Mlima wa kwanza wa Goba, gurudumu la mbele likainuka kama punda aliyekataa kazi. Nikaketi barabarani. Mkungu haukuumia. Baba aliufunga kwenye baiskeli yake, akapanda mlima wote bila kushuka, miaka hamsini na miwili, huku akiimba wimbo wa kwaya. Sijawahi kujivunia mgongo wa mtu kiasi kile.

Shangazi alitupokea getini. Shikamoo, marahaba. Nikamkabidhi mkungu kwa hotuba fupi niliyoikariri. Akabonyeza ndizi moja. Akacheka mpaka akashika geti. Akasema hizi ni ndizi za kupika. Za pombe ni nyingine kabisa, na Mhaya huzijua kabla hajajua kutembea.

"Mhaya wa Kinondoni!" Allen akapiga kelele. "Dada Koku katuletea chakula cha mchana!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mama alizimenya, zikapikwa na maharage. Allen alikula sahani tatu, kisha akanishukuru kwa adabu kabisa. Nyoka!

Jioni Shangazi alituonyesha ghala. Anapita kati ya mapipa ameinamisha kichwa kama daktari wodini. Akinusa tu, anajua lipi limebakiza siku ngapi. Nimeamua: nitakuwa yeye.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya misa ya kwanza tuliendesha hadi Madale, Mama nyuma na bajaji, kwa Mzee Cyprian, yule rafiki, anayetengeneza mvinyo wa choya, yale maua mekundu ya juisi. Shangazi mbele, kitenge kimefungwa vizuri, hata jasho hana.

Mzee alituwekea mie na Allen glasi tatu kila mmoja. Kunusa tu, alionya. Atakayeonja atarudi kwao kwa miguu. Halafu tuseme tumenusa nini. Shangazi akatukazia macho. Nikajua: huu ndio mtihani!

Nyumbani nimefundishwa kwamba ukienda kwa watu, usikitie kasoro ulichokaribishwa. Glasi ya kwanza nikaisifu. Ya pili nikaisifu zaidi. Ya tatu ilinichoma pua mpaka machozi. Nikayafuta, nikasema ina harufu ya asubuhi ya Bukoba mvua ikikatika. (Bukoba sijafika.) Mama akaitikia kwa kichwa, kwa fahari.

Zamu ya Allen. Alipofika glasi ya tatu, akarudisha kichwa nyuma.

"Babu, samahani, hii si imechacha? Inanuka kama achari ya Mama."

Aibu gani hii! Nikamwomba Mzee radhi kwa niaba ya ukoo.

Mzee akapiga makofi. Ilikuwa siki. Aliiweka makusudi.

Shangazi akamshika Allen bega. Kisha akaniambia, kwa upole uliouma, kwamba nina adabu kuliko watoto wote anaowajua, ila pua yangu inaogopa watu. Pipa likianza kuharibika, alisema, anayelisifu ndiye anayelimaliza. Desemba ni Allen.

Nililia nyuma ya baiskeli. Moyoni nikakiri: kijana ana pua. Shangazi akaja, akakaa chini kabisa mchangani pamoja nami, na kitenge chake kile. Akasema Pasaka kuna nafasi nyingine, ataniwekea glasi tena.

"Njoo na ukweli wako tu, mwanangu."

Jumatatu, 18 Novemba

Miguu haikunjiki. Shuleni nimeshuka ngazi kinyumenyume.

Nimetafakari maneno ya Shangazi kwa makini, maana mtu kama yeye hasemi ovyo. Nimeligundua kosa langu. Sifa zangu hazikuwa na maandalizi! Nilizitunga papo hapo, ndiyo maana zikasikika za uongo. Pasaka haitanikuta hivyo. Nimeshaandika sifa kumi na nne, nimezipanga kwa alfabeti, nazikariri mbele ya kioo. Hata glasi ikiwa na mafuta ya taa, nitakuwa na la kusema.